Udi hauishi Lamu? Wangu umezama uso mara ya pili ndani ya miaka mitatu

#1 MwanaMkomani
Assalaam aleikum. Nimekuja na hoja, na nataka nipingwe kwa ushahidi. Naamini udi, huu wa kupiga muziki, haukuumbiwa kisiwa chetu.

Wangu ni wa Misri, nyuzi 11, uso, yaani ubao wa mbele, wa msprusi na mbavu za mti wa jozi. Niliununua Mombasa kwa mtu aliyeutunza vizuri. Mwaka wa kwanza tu uso ukazama, nikaupeleka kwa fundi Mombasa, akautengeneza, nikalipa pesa si haba. Mwezi uliopita nikaenda nao harusini Mombasa, nikarudi nao kwa basi hadi Mokowe, kisha boti hadi gatini. Nikaulaza ndani ya mfuko wake kwenye kidaka. Baada ya wiki mbili nimeufungua: nyuzi zimepaa. Pale shingo inapokutana na tumbo napitisha kidole cha mwisho chini ya uzi bila kugusa. Uso umebonyea kama sahani kati ya tundu kubwa na farasi (kile kipande kinachoshika nyuzi usoni), na nyuma ya farasi umevimba. Sauti imekuwa ya bati.

Nasema ni hewa ya bahari. Unyevu unalainisha gundi, chumvi inakula mbao. Wazee wetu walilijua hili ndiyo maana walipiga kibangala: gogo moja lililochongwa likawambwa ngozi, hakuna kiungo cha kuachia. Nani ana habari tofauti?

#2 ShelaKusini
Waaleikum salaam. Nina habari tofauti, tena iko ukutani mbele yangu. Udi wa marehemu baba umekaa Shela zaidi ya miaka ishirini, hatua chache kutoka majini. Kusi linapiga, kaskazi linapiga, masika yanakuja na kuondoka. Haujazama wala haujafunguka. Vigingi tu ndivyo husumbua, wakati wa mvua vinagoma kugeuka na wakati wa kiangazi vinateleza. Kama hewa ya bahari ndiyo inayoua, huu ungekufa mimi nikiwa mtoto.

Hata hivyo baba hakuutundika ukuta wa nje hata siku moja. Kuta zetu za matumbawe zina rutuba, ukiegemeza nguo wiki moja inanuka. Udi ulikaa ukuta wa ndani, na nyuma yake aliweka mkeka. Kidaka chako kiko ukuta upi?

#3 Mataruma
Mimi ni wa Matondoni, kazi yangu ni majahazi na mashua, si udi, mnisamehe nikiingilia. Lakini chombo ni chombo. Ndani ya uso wa udi kuna vijiti vilivyopita kwa upana, kazi yake ni ileile ya mataruma ndani ya jahazi: kuzuia mbao isifuate nguvu inayoisukuma. Nimewahi kumsaidia jirani kufunga udi uliofunguliwa, nikaviona kwa macho yangu. Uso wenyewe ni mwembamba ajabu, kama milimita 2 hivi. Mbao ya namna ile haisimami yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu bahari, umeangalia ndani? Gonga uso kwa ncha ya kidole pole pole kuanzia tundu hadi farasi. Ukisikia mahali panalia "tsss" kama kitu kimelegea, taruma limeachia pale. Jahazi likivuja hatusemi bahari ni mbaya.

#4 BintiFidla
Niko Malindi, napiga fidla. Ndugu MwanaMkomani, umetupitishia jambo kubwa kwa sentensi moja: basi. Ulikaa nao kitini au uliuweka kwenye buti?

Nauliza kwa sababu yalinipata. Niliacha fidla kwenye gari lililofungwa vioo, juani, hapa Malindi, saa za adhuhuri, muda wa kununua samaki na kusalimiana na watu. Nilivyorudi mgongo wake ulikuwa umeachia ubavuni urefu wa kiganja. Gundi ya ngozi hupikwa kwenye nyuzi joto 60 hivi, maana yake joto la namna hiyo pamoja na unyevu huilainisha tena. Gari lililofungwa juani linakaribia joto hilo bila shida, na buti la basi lililo karibu na injini ni jiko. Nyuzi nazo zilikuwa zimekazwa zinavuta muda wote. Kilichoanza kuachia njiani umekuja kukiona baada ya wiki mbili.

#5 MzeeWaNyuzi
Watoto mnazunguka mbali. Ni nyuzi. Siku hizi kila kijana akikatikiwa na uzi anaenda duka la magitaa. Nyuzi 11, kila mmoja unavuta kilo 10, hiyo ni kilo 110 kwenye uso wa milimita 2! Uso gani utakaohimili? Mwanangu, tuambie umefunga nyuzi gani.

#6 MwanaMkomani
Shukrani kwa wote. Kwa mpangilio:

ShelaKusini, kidaka ni cha ukuta wa ndani, lakini nyuma yake ni bafu. Sikuwahi kufikiria hilo.

BintiFidla, kwenda nilikaa nao. Kurudi basi lilijaa, kondakta akasema mfuko uende buti. Nilikubali na sasa najilaumu.

MzeeWaNyuzi, ni kweli, nyuzi nne nyembamba ni za gitaa, za nailoni. Nilikosa za udi. Sikulegeza kabla ya safari.

Mataruma, nimegonga. Karibu na farasi upande wa nyuzi nene panalia vibaya.

#7 MwalimuWaSayansi
Nisahihishe mambo mawili kwa heshima, kwa sababu mazungumzo haya watu watayasoma.

Kwanza chumvi. Chumvi haili mbao ya udi. Inachofanya ni kuvuta unyevu na kushambulia chuma na shaba, ndiyo maana nyuzi nene zilizozungushiwa waya huzeeka haraka pwani. Mbao inaumia kwa kubadilika kwa unyevu. Inapanuka na kunywea kwa upana wa nyuzinyuzi zake, kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Sasa fikirini, mataruma yamegundishwa kukingama na uso. Uso unataka kupanuka, taruma linaukatalia. Kitu kimoja lazima kikubali: uso upinde, upasuke, au gundi iachie. Udi wa babake ShelaKusini umeishi kwa sababu hewa ya Shela ni nyevu leo na kesho vilevile, mbao imeshazoea. Wako ulitoka kwenye unyevu ukaingia ukumbi wa harusi, na nadhani ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi. Kiyoyozi kinakausha hewa. Kisha ukarudi kisiwani, kwenye kidaka cha bafu.

Pili hesabu ya Mzee wetu. Kilo 10 na zaidi kwa uzi ni nyuzi za chuma za gitaa. Nyuzi za udi huvuta kilo 3 hadi 4 kila mmoja, jumla kilo 33 hadi 44. Tena uzi wa nailoni wa gitaa umekusudiwa urefu wa sentimita 65. Udi wa Kiarabu una kama 61 kutoka farasi hadi kichwa. Ukiufunga kwenye udi kwa sauti ileile, mvuto unapungua karibu asilimia 12, hauongezeki.

#8 MzeeWaNyuzi
Mwalimu, hesabu ya kilo nimeikubali, nilichanganya na za chuma. Lakini umesema "kwa sauti ileile". Muulize kama aliufunga kwa sauti ileile. Vijana wanafunga uzi wa gitaa halafu wanaupandisha mpaka sauti ya mwimbaji. Ukipandisha sauti, mvuto unapanda mara mbili zaidi ya ulivyodhani. Nimeona farasi aking'oka na kuruka mpaka kwenye kahawa ya watu.

#9 MwalimuWaSayansi
Hapo Mzee umenishinda. Mvuto unakwenda kwa mraba wa sauti. Ukipandisha sauti kwa sehemu moja ya kumi, mvuto unaongezeka asilimia 21.

#10 MwanaMkomani
Nilipandisha. Bi harusi alimleta shangazi yake mwenye sauti ya juu.

#11 Mbuyuni_UNG
Salaam kutoka Unguja. Nimesoma yote, nimefurahi, ila kuna jambo limepita bila kuguswa. MwanaMkomani anasema kibangala kilibuniwa kwa sababu ya hewa. Hapana. Kibangala chenu, gambusi yetu, gabusi ya Ngazija, vyote ni ndugu wa qanbus ya Yemen. Sana'a iko juu milimani, haina bahari hata ya kuchovya mguu, na chombo kilikuwa hivyohivyo: mwili na shingo gogo moja, uso wa ngozi, kichwa kilichopinda kama mundu, nyuzi saba, jozi tatu na mmoja peke yake. Kimesafiri na Wahadhrami mpaka kwa Wamalei, nao wanakiita gambus. Kilikuja na watu. Habari ya unyevu haimo.

Na kwa kuwa niko hapa, taarabu ni ya Unguja. Sultani Barghash alimpeleka mtu Misri kujifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa mwaka 1905. Haya, nipigeni.

#12 ShelaKusini
Tunakupiga, tena kwa furaha. Kabla Barghash hajatuma mtu kokote, huku Lamu watu walikuwa wakiimba tungo zao juu ya kibangala usiku wa harusi. Nyinyi mliongeza viti na tai. Na Zein l'Abdin, bingwa wa taarabu, alizaliwa wapi? Nendeni mkatafute.

#13 Mbuyuni_UNG
Alizaliwa Lamu, na sifa aliipata kwa udi, si kwa kibangala. Umenisaidia.

#14 BwanaKipungani
Yeo mumenikumbusha mbali. Babu yangu alichonga kibangala. Alitumia mfenesi. Alisema mfenesi una rangi ya manjano inayopendeza, unachongeka ukiwa bado na maji kidogo, na ukikauka haupasuki ovyo kama mwembe. Alianza kwa tezo, akatoa umbo la nje lote, kisha akaligeuza gogo na kulikomba tumbo kwa patasi iliyopinda. Unene aliupima kwa vidole, dole gumba nje na cha shahada ndani. Akifika karibu na mwisho anaweka sikio na kugonga. Mara nyingi alitoboa. Akitoboa analitupa jikoni, haweki kiraka.

Lakini MwanaMkomani amekosea kusema chombo kile hakikuwa na taabu. Ngozi ya mbuzi ikipata mvua inalegea, chombo kinakuwa bubu. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukizungusha juu ya jiko la makaa, mbali, mpaka ngozi ikaze. Ukikisogeza sana unasikia "pa!" na hapo babu hasemi kitu, anaondoka tu nje. Nilifanya hivyo mara moja. Aliwamba ngozi nyingine baada ya siku nne na hakunipa tena kukishika mwezi mzima.

#15 MwanaMkomani
Bwana wa Kipungani, post yako nimemsomea mama. Nakiri hoja yangu ya kibangala imeanguka. Hiyo ngozi aliwambaje, kwa misumari?

#16 BwanaKipungani
Misumari midogo ya mti, si ya chuma. Chuma kinashika kutu, kutu inaoza ngozi ukingoni. Ngozi alilowesha usiku, akanyoa manyoya kwa wembe, akaivuta watu wawili, akagundisha ukingo kwanza kisha ndipo misumari. Kukausha ni kivulini. Ukiianika juani inajivuta upande mmoja na shingo inapinda.

#17 Seremala_OldTown
Mombasa hapa. Natengeneza samani, na udi nimetengeneza kadhaa, sijidai bingwa. Naona kila mtu ana muuaji wake, na hakuna aliyeuliza fundi wa kwanza alitumia gundi gani. Kwangu hilo ndilo swali.

Ukitengeneza udi kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya chupa, siku ya kwanza inashika kuliko ya ngozi. Ubaya wake ni kwamba chini ya mzigo wa kudumu inatambaa. Huioni. Nyuzi zinavuta usiku na mchana, joto la pwani linasaidia, na kiungo kinasogea unywele kwa unywele. Fundi anakurudishia udi umenyooka, baada ya miaka miwili shingo imeinuka. Ubaya wa pili, ukitaka kufungua tena haifunguki kwa ustaarabu, na mbao iliyolambwa na gundi nyeupe haishiki gundi nyingine mpaka uikwangue. Ile ya kuchanganya chupa mbili ndiyo usiseme. Ikiingia kwenye udi, atakayekuja baada yako atatumia msumeno.

Gundi ya ngozi inataka subira. Unalowesha chembe zake kwenye maji baridi usiku kucha mpaka zivimbe kama tapioka. Asubuhi unaweka kopo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikichemka imekufa, inanuka na haina nguvu. Uzito wake uwe kama asali nyepesi, ikidondoka kwenye brashi iende mstari mmoja bila kukatika. Unapasha na mbao zenyewe, maana mbao baridi inaigandisha kabla hujabana. Una dakika moja, ikizidi mbili. Huku kwetu joto linakusaidia, fundi wa Ulaya wakati wa baridi anahangaika sana.

Na siku ukitaka kufungua, kisu chembamba kilichopashwa moto na maji kidogo, inaachia bila kuchana uzi wa mbao. Udi umejengwa ili ufunguliwe. Kuzama uso baada ya miaka mingi ni maradhi yake ya kawaida, hata Cairo, hata Baghdad. Muhimu fundi ajaye aweze kuingia.

#18 Mataruma
Nimeipenda hii. Sisi vilevile, mbao ya jahazi lazima itoke bila kuharibu jirani yake. Lakini nina swali kwa Seremala. Mataruma yetu tunayatafuta porini yakiwa yamepinda yenyewe, mti umeota hivyo, nyuzinyuzi zinafuata mpindo. Mbavu za udi mnazipinda kwa moto. Hazitaki kurudi zilivyokuwa?

#19 Seremala_OldTown
Zinataka, kaka. Ubavu wa udi ni mwembamba, milimita 2 na nusu mpaka 3. Unaulowesha kidogo, unaubonyeza juu ya bomba la chuma lililopashwa, unasikia kwa mikono pale unapokubali. Ukiuacha usiku bila kuufunga kwenye kalibu asubuhi umejinyoosha kiasi. Ndiyo maana mbavu hufungwa juu ya kalibu moja moja, na kwa ndani kila kiungo kinapakwa karatasi au kitambaa. Mbavu zenyewe ni 15, 19, hata zaidi ya 20. Kila ubavu ukikosa nusu milimita, ukifika wa mwisho hauna pa kuuweka.

#20 Kijana_Langoni
Wazee mimi nasoma kimya tangu #1. Nataka kutengeneza udi wa kwanza. Mti gani wa hapa unafaa? Nina mbao za mbambakofi kutoka mlango wa zamani.

#21 Seremala_OldTown
Mbambakofi kwa mbavu ni mzito na mgumu kupinda, lakini wa mlango wa zamani umekauka vizuri, ungefaa shingo kama si mzito mno, la sivyo udi utaangukia upande wa kichwa chake ukikaa nao. Mvule unakubali. Mninga unakubali vizuri zaidi, sauti yake tamu. Kwa uso usijaribu mbao zetu ngumu. Uso unataka mbao nyepesi na yenye nguvu kwa urefu, msprusi au mwerezi, na hii lazima uagize.

#22 Mbuyuni_UNG
Vigingi fanya vya mpingo. Zumari nyingi za Ulaya zinalilia mpingo wetu. Jamii yote ya mpingo iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2017, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa, kwa hiyo ukija kuuza udi wako nje hutasumbuliwa kama atakayeuza gogo.

#23 BintiFidla
Na rangi ya juu? Nani bado anajua sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti? Bibi yangu alikuwa akiitaja. Ilichimbwa ardhini huku pwani na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi karne ya 19. Sisi tunanunua kopo la dukani, na mali ilikuwa chini ya miguu yetu.

#24 Seremala_OldTown
Naijua kwa jina na kwa harufu. Inayeyuka kwa taabu sana, inataka moto mkali na mafuta. Ni ngumu kama kioo, kwa samani nzuri. Juu ya uso wa udi usipake chochote kizito, uso wa udi wa Kiarabu mara nyingi huachwa mtupu kabisa, upumue.

#25 ShelaKusini
Hapo kwenye "upumue" ndipo unyevu unapoingia, Seremala! MwanaMkomani alikuwa na nusu ya haki.

#26 MwanaMkomani
Narudi na habari. Nimelegeza nyuzi zote leo asubuhi, nimepitisha kioo kidogo cha mkoba wa dada yangu kwenye tundu, na taa ya simu. Nimeona haya:

Taruma la karibu na farasi limeachia ncha moja, na la pili yake lina ufa wa mwanga chini, karatasi inapita. Kwenye taruma lililoachia kuna gundi nyeupe imebaki kama ganda la maziwa, lakini mataruma mengine yana gundi ya kahawia, iliyong'aa. Halafu ubavu mmoja karibu na shingo una doa jeusi la maji. Kuhusu shingo, nimeweka rula ndefu juu yake kama alivyoniambia jamaa faraghani: imenyooka na haijainuka. Ni uso tu.

#27 Seremala_OldTown
Gundi nyeupe. Nilisema.

#28 BintiFidla
Gundi nyeupe nayo inalainika kwa joto, kaka. Buti la basi.

#29 ShelaKusini
Na doa la maji limetoka wapi kama si ukuta wa bafu?

#30 MzeeWaNyuzi
Taruma la karibu na farasi ndilo limeachia. Karibu na farasi. Palipovutwa. Shangazi wa bi harusi anahusika.

#31 MwalimuWaSayansi
Ufa wa taruma la pili, lenye gundi ya kahawia isiyoguswa na fundi, hauelezwi na gundi nyeupe. Ule ni wa mbao kunywea. Kiyoyozi.

#32 Mataruma
Yote matano yanaweza kuwa kweli, na bado hamjamwambia afanye nini.

#33 Seremala_OldTown
Kweli. Ndugu yangu, tundu la katikati lina nakshi au liko wazi?

#34 MwanaMkomani
Lina nakshi ya mfupa, imegundishwa. Mkono haupiti.

#35 Seremala_OldTown
Basi kuna njia mbili na mafundi hawapatani. Ya kwanza, kufungua uso mzima: kisu moto kuzunguka ukingo, toa uso, ng'oa taruma mbovu, kwangua gundi nyeupe mpaka mbao mpya, nyoosha uso, gundisha upya kwa ya ngozi, rudisha. Ni kazi ya wiki mbili na ndiyo ningeifanya mimi. Ya pili, kutoa nakshi tu, kupeleka gundi kwa kijiti na kubana kwa vijiti vya mianzi ndani kati ya mgongo na taruma. Siku mbili. Lakini uso uliobonyea muda mrefu haunyooki kwa njia hiyo, na gundi mpya juu ya gundi nyeupe ya zamani ni kupaka chokaa ukuta wenye rutuba.

#36 BwanaKipungani
Mimi ningeenda ya pili. Uso wa zamani ukifunguliwa mara nyingi ukingo unaliwa, kila fundi anapunguza kidogo. Umeshafunguliwa mara moja ndani ya miaka mitatu.

#37 BintiFidla
Tahadhari kwa wenye fidla wanaosoma: msifanye alivyofanya MwanaMkomani kulegeza nyuzi zote kwa pamoja. Ndani ya fidla kuna kijiti kimesimama kati ya uso na mgongo, hakina gundi, kinashikwa na mvuto tu. Ukilegeza zote kinaanguka. Badilisheni uzi mmoja mmoja. Udi hauna kijiti hicho, yeye amefanya sawa.

Halafu nimekumbuka kitu kinachonisumbua. Binamu yangu hapa Malindi ana udi ambao haujawahi kupanda gari tangu ulipofika, nyuzi nyepesi za udi halisi, gundi ya ngozi tupu, nyumba haina kiyoyozi, na haupo karibu na bafu. Nao umezama mwaka jana. Mwanieleza vipi?

#38 MwalimuWaSayansi
Mbao ya uso ilikuwa imekauka muda gani kabla ya kujengwa?

#39 BintiFidla
Nani anajua? Aliyeutengeneza hayupo tena.

#40 MzeeWaNyuzi
Alikuwa akiulegeza usiku?

#41 BintiFidla
Hapana. Hakuna anayelegeza usiku.

#42 ShelaKusini
Baba alilegeza. Kila usiku, nusu mzunguko kila kigingi, baada ya isha. Nilidhani ni mazoea yake tu.

#43 MwanaMkomani
Seremala, nimeamua uso ufunguliwe, na nataka niwepo nione. Nitakuja Mombasa Jumamosi ijayo, safari hii nitaulipia kiti chake. Kijana_Langoni anataka kuja nami. Nilete nini?

#44 Seremala_OldTown
Karibuni. Leteni nyuzi za udi halisi kama mtazipata, na ile karatasi uliyopitisha kwenye ufa, uiandike umeipitisha wapi. Gundi nitaanza kuilowesha Ijumaa usiku.